Kipimo cha nyuklia: kwa nini kamera huwekwa kulingana na dawa, na mama au mlezi aseme nini

Makala hii ni kwa ajili ya mama, baba, bibi au mlezi yeyote wa Kibaha, Kisarawe na vijiji vyake ambaye yeye mwenyewe au mtoto wake ameandikiwa kipimo cha nyuklia. Inaeleza jinsi kamera inavyotambua dawa iliyo mwilini, kwa nini wataalamu huiweka upya kwa kila dawa, na taarifa ambazo wewe peke yako unaweza kuwapa ili picha itoke vizuri.

Kwa ufupi

- Kamera ya gama haitoi mionzi. Inapokea mionzi inayotoka kwenye dawa iliyochomwa au kumezwa.
- Kila dawa ina isotopu yake, na kila isotopu ina nishati yake. Kamera isipowekwa kwa isotopu iliyo mwilini, picha inaharibika.
- Kabla ya sindano, sema kama una ujauzito au unahisi unao, kama unanyonyesha, na kama wewe au mtoto amewahi kupata dawa nyingine ya mionzi hivi karibuni.
- Picha ikihitaji kurudiwa, uliza kama inarudiwa picha peke yake au pamoja na sindano.

Safari inaanzia wapi

Kwa watu wengi wa Kibaha, safari huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Pwani, Tumbi. Kwa Kisarawe, huanzia Hospitali ya Wilaya. Daktari akiona uvimbe shingoni, maumivu ya mifupa yasiyoeleweka, au mtoto anayepata maambukizi ya mkojo mara kwa mara, anaweza kuandika rufaa kwenda Dar es Salaam. Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyo kando ya bahari katikati ya jiji, ina idara ya tiba ya nyuklia. Jengo lake la zamani lilianza kama hospitali wakati wa Wajerumani mwaka 1897. Huduma hii ipo pia Mwanza, katika Hospitali ya Bugando, kwa watu wa Kanda ya Ziwa.

Neno "nyuklia" linawatisha wengi. Mama mwingine akilisoma kwenye karatasi ya rufaa hufikiria bomu, na mwingine huahirisha safari kimyakimya. Kipimo hiki ni dawa kidogo inayochomwa kwenye mshipa au kumezwa, na kamera inayotazama ilikoenda. Picha ya eksirei huonyesha umbo la mfupa au kiungo. Kipimo cha nyuklia huonyesha kiungo kinafanyaje kazi: figo ya kushoto inachuja kiasi gani ikilinganishwa na ya kulia, tezi ya shingo inanyonya dawa kupita kiasi au haifikishi, sehemu gani ya mfupa ina shughuli isiyo ya kawaida.

Kamera inapokea, haitoi

Unapolala au mtoto anapolazwa chini ya kamera ya gama, kichwa kikubwa cha mashine husogezwa karibu na mwili. Watoto wengi huogopa wakati huo, na wazazi pia. Lakini kichwa hicho hakirushi kitu. Mionzi inatoka kwenye dawa iliyo ndani ya mwili, na kamera inaipokea kama sikio linavyopokea sauti. Mtoto akilala chini ya kamera dakika 10 au dakika 40, kiasi cha mionzi anachopata kutokana na dawa ni kilekile. Kuna mashine ambazo zimeunganishwa na CT. Hizo hutoa eksirei kwa muda mfupi wakati sehemu ya CT inapofanya kazi, na mtaalamu atakuambia kama itatumika.

Ndani ya kichwa cha kamera kuna bamba nene la risasi, yaani ile metali nzito ya kijivu, lenye matundu mengi madogo. Kazi yake ni kuruhusu miali inayokuja moja kwa moja na kuzuia inayokuja kwa mshazari. Nyuma ya bamba hilo kuna fuwele kubwa. Kila mwali wa gama unapoigonga, fuwele hutoa mmweko mdogo sana wa mwanga. Mwali wenye nishati kubwa hutoa mmweko mkali, wenye nishati ndogo hutoa mmweko hafifu. Mashine hupima ukali wa kila mmweko, na hivyo hujua mwali ulioingia ulikuwa na nishati gani.

Kila isotopu ina nishati yake

Isotopu ni aina ya chembe ya elementi fulani. Baadhi ya isotopu hutoa mionzi zinapobadilika kidogo kidogo hadi kuisha, na hizo ndizo zinazotumika kwenye kipimo hiki. Nishati ya miali yake hupimwa kwa kiloelektronivolti, kwa kifupi keV. Huhitaji kukariri namba hizi, lakini zinasaidia kuelewa maswali utakayoulizwa.

- Teknesiamu-99m. Ndiyo inayotumika zaidi duniani katika vipimo vya mifupa, figo na tezi ya shingo. Miali yake mikuu ina nishati ya 140 keV. Nguvu yake hupungua nusu kila baada ya saa 6. Baada ya saa 12 imebaki robo, na baada ya siku nzima imebaki sehemu moja kati ya kumi na sita.
- Iodini-131. Hii ni aina yenye mionzi ya iodini, madini joto yaleyale tunayoyapata kwenye chumvi. Tezi ya shingo huyanyonya, ndiyo maana iodini-131 hutumika kuipima tezi hiyo na pia kuitibu. Miali yake mikuu ina 364 keV. Nguvu yake hupungua nusu kila baada ya siku 8 hivi.
- Iodini-123. Hutumika kupima tezi ya shingo mahali inapopatikana. Miali yake ina 159 keV na hupungua nusu kwa saa 13 hivi.

Kuna pia fluorini-18, yenye 511 keV, ambayo hutumika kwenye mashine ya aina nyingine iitwayo PET. Kwa kamera ya kawaida ya gama, mama atasikia zaidi majina ya teknesiamu na iodini.

Dirisha la nishati ni nini

Mionzi haitoki mwilini yote ikiwa safi. Mwali mmoja ukianzia kwenye figo unaweza kugonga nyama au mfupa njiani, ukapoteza nishati kidogo na kupinda. Ukifika kwenye kamera, unaonekana umetoka mahali ambapo haukutoka. Miali ya namna hiyo ikihesabiwa pamoja na mingine, picha inakuwa na ukungu.

Hapa ndipo linapoingia dirisha la nishati. Mtaalamu huiambia kompyuta: pokea miali yenye nishati kuanzia hapa hadi hapa, nyingine iache. Kwa teknesiamu, dirisha linalotumika mara nyingi ni la asilimia 20, yaani asilimia 10 chini na asilimia 10 juu ya 140 keV. Hiyo ni kuanzia 126 hadi 154. Mwali uliopoteza nishati njiani hadi kufikia 110 unaachwa nje. Kwa iodini-131, dirisha la upana huohuo huanzia 328 hivi na kuishia 400.

Fikiria chekeche jikoni. Matundu yakiwa makubwa mno, mawe hupita pamoja na nafaka. Yakiwa madogo mno, nafaka yenyewe inabaki juu na unapata kidogo. Dirisha la nishati nalo liko hivyo. Likiwa pana sana, miali iliyopinda inaingia na picha inakuwa na ukungu. Likiwa jembamba sana, miali mizuri nayo inatupwa, na mtoto atalazimika kulala muda mrefu zaidi ili kamera ipate miali ya kutosha.

Bamba la risasi nalo huchaguliwa kulingana na isotopu. Kwa teknesiamu hutumika bamba lenye kuta nyembamba kati ya matundu. Kwa iodini-131, yenye nguvu zaidi, hutumika bamba zito lenye kuta nene, kwa sababu miali yake inaweza kupenya kuta nyembamba. Ukiwaona wataalamu wanabadilisha vipande vizito kwa kutumia toroli kabla ya mgonjwa anayefuata, kazi hiyo ndiyo wanayoifanya.

Mpangilio ukikosewa, nini hutokea

Tuchukulie mtoto kachomwa teknesiamu, lakini kamera imebaki kwenye mpangilio wa iodini-131 wa mgonjwa aliyetangulia. Kamera itakuwa inatafuta miali ya 364, wakati mwilini inatoka ya 140. Kwenye skrini itaonekana karibu tupu. Kosa kubwa namna hiyo mtaalamu hulitambua mara moja na kulirekebisha.

Kosa dogo ndilo linalosumbua. Dirisha likisogea kidogo tu kutoka mahali pake, picha bado inatoka, lakini upande mmoja unaweza kuonekana hafifu kuliko mwingine, au madoa yakatokea yasiyotokana na ugonjwa. Katika kipimo cha figo, ambapo daktari analinganisha kushoto na kulia, tofauti hiyo inaweza kumpotosha. Ndiyo maana wataalamu hukagua kabla ya kuanza, na ndiyo maana wakati mwingine husema, "Mama, tusubiri kidogo, tunarudia picha."

Kurudia picha si lazima kuwe kurudia sindano. Dawa ikiwa bado mwilini na bado ina nguvu ya kutosha, mpangilio hurekebishwa na mtoto hupigwa picha tena bila kuongezewa chochote. Kwa vipimo kama vya mifupa, na baadhi ya vipimo vya figo, picha kuu hupigwa saa 2 hadi 4 baada ya sindano, kwa hiyo mara nyingi kuna nafasi ya kurudia siku hiyohiyo. Kipimo kinachofuatilia dawa tangu inapochomwa ni tofauti, kwa sababu dakika zilizopita hazirudi. Hicho huenda kikapangiwa siku nyingine na dawa mpya. Una haki ya kuuliza ni kipi kati ya hivyo viwili.

Kwa nini mnasubiri asubuhi

Mama aliyetoka Mlandizi au Maneromango alfajiri, akafika kabla ya saa mbili, anaweza kuudhika kuona mlango wa chumba cha kamera umefungwa na wataalamu wako ndani bila mgonjwa. Mara nyingi wanakagua mashine. Umeme wa ndani ya kamera na joto la chumba vinaweza kuisogeza namba inayosomwa. Mwali wa 140 ukaanza kusomwa kama 135, kwa mfano. Kila siku ya kazi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, huwekwa chanzo cha mionzi kinachojulikana mbele ya kamera ili kuona kama kilele cha nishati kipo mahali pake na kama kamera nzima inaona sawasawa kutoka pembe hadi pembe. Umeme ukikatika na kurudi, mashine huhitaji muda kutulia, na ukaguzi hufanyika tena.

Dawa yenyewe nayo huandaliwa asubuhi na kupimwa nguvu yake. Dozi ya mtoto hukadiriwa kwa uzito wake, kwa hiyo mpeleke akapimwe uzito siku hiyo au uende na kadi ya kliniki yenye uzito wa karibuni. Kwa kuwa teknesiamu hupungua nusu kila saa 6, mgonjwa anayechelewa sana anaweza kukuta dozi yake imepungua nguvu. Ukiona foleni ya barabara ya Morogoro au ya Pugu itakuchelewesha, piga simu kwa namba uliyopewa kwenye karatasi ya miadi.

Matumizi ya mionzi nchini husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, chini ya sheria ya mwaka 2003. Hospitali inayotumia dawa hizi inatakiwa kuwa na leseni na wataalamu waliofunzwa.

Dawa mbili mwilini kwa wakati mmoja

Hili ndilo jambo ambalo mlezi anaweza kuokoa kipimo kwa sentensi moja tu.

Tuchukulie mama wa Kisarawe alimeza iodini-131 kwa ajili ya tezi ya shingo. Wiki mbili baadaye, hospitali nyingine inamwandikia kipimo cha mifupa kwa teknesiamu. Baada ya siku 14, kwa kuhesabu kupungua kwa nguvu peke yake, iodini iliyobaki kwenye tezi inaweza kuwa na nguvu chini kidogo ya theluthi ya ile ya mwanzo. Sehemu nyingine imetoka kwa mkojo, lakini kilichobaki bado kinatoa miali.

Mtu anaweza kusema: dirisha la teknesiamu ni 126 hadi 154, iodini ni 364, kwa hiyo haitaingia. Shida ni kwamba mwali wa 364 ukigonga mwili au kamera na kupoteza nishati, unaweza kushuka hadi 140. Kwa kamera, mwali huo unafanana na wa teknesiamu. Dirisha haliwezi kuutenganisha, hasa pale iodini ilipobaki kwa wingi. Shingo itawaka kwenye picha, na ukungu utafunika sehemu za jirani.

Wataalamu wakijua mapema, wana njia za kufanya: kusogeza tarehe, kubadilisha bamba la risasi, au kutazama kwanza kabla ya sindano kuona kiasi gani kimebaki. Wasipojua, watashangaa picha wakati dawa imeshachomwa. Vipimo viwili vikipangwa karibu karibu, kwa kawaida huanza chenye isotopu ya nishati ndogo, kisha chenye nishati kubwa.

Kwa hiyo sema wazi: "Nilimeza iodini tarehe fulani," au "Mtoto alichomwa dawa ya kipimo cha figo wiki iliyopita." Kama hukumbuki jina la dawa, nenda na karatasi zote, hata zile za hospitali nyingine. Karatasi iliyokunjwa kwenye mfuko wa plastiki ni bora kuliko kukisia.

Mambo ambayo dirisha haliwezi kurekebisha

Mashine huchuja kwa nishati. Kitu chenye isotopu ileile kikiwa mahali pasipotakiwa, hakichujiki. Hapa mlezi ana kazi kubwa kuliko kompyuta.

Mkojo kwenye nepi au nguo. Dawa nyingi hutoka kwa njia ya mkojo. Nepi yenye mkojo, au khanga iliyolowa, itaonekana kwenye picha kama doa linalong'aa karibu na nyonga au kibofu. Nenda na nepi za kutosha na nguo za kubadilisha. Mbadilishe mtoto kabla tu ya picha. Mtoto mkubwa apelekwe chooni kwanza. Ikiwa mkojo umemwagikia nguo, sema, usione aibu.

Kutikisika. Mtoto akigeuka, figo moja inaweza kuonekana kama mbili. Mnyonyeshe au mlishe kabla, isipokuwa umeambiwa asile. Nenda na mwanasesere au khanga anayoizoea. Mara nyingi mzazi asiye mjamzito huruhusiwa kukaa naye na kumshika mkono. Watoto wachache hupewa dawa ya usingizi, na hao ndio wanaotakiwa kukaa bila kula kwa muda watakaoelekezwa.

Chuma. Mkanda, sarafu mfukoni, bangili, mkufu au hirizi yenye kifuniko cha chuma huzuia miali na kuacha kivuli. Kama ni kitu usichotaka kukivua, mwambie mtaalamu mahali kilipo ili akisogeze au akizingatie.

Iodini kutoka mahali pengine. Kwa kipimo cha tezi ya shingo, tezi iliyokwisha kushiba iodini haitanyonya dawa vizuri, hata kamera iwekwe sawasawa namna gani. Sema kama umechomwa dawa ya kung'arisha picha ya CT katika wiki au miezi ya karibuni, kama unatumia vidonge vya tezi, au kama unakula au kunywa mwani. Usiache vidonge vyako mwenyewe. Daktari ndiye atakayekuambia uache au uendelee.

Ujauzito na kunyonyesha

Kama kuna uwezekano wowote kwamba una ujauzito, sema kabla ya sindano, hata kama umefuatana na mtu ambaye hungependa ajue. Omba kuongea na muuguzi faragha. Iodini-131 ni hatari hasa kwa mimba, kwa sababu hupita kwenye kondo la nyuma, na tezi ya mtoto tumboni huanza kunyonya iodini mwishoni mwa miezi mitatu ya kwanza. Matibabu ya iodini-131 hayatolewi kwa mjamzito. Baada ya matibabu hayo, wanawake hushauriwa wasishike mimba kwa miezi 6 au kwa muda ambao daktari atasema.

Kwa anayenyonyesha, jibu linategemea dawa:

- Dawa za teknesiamu. Kwa nyingi, huhitaji kuacha kunyonyesha, au unaruka mlo mmoja ndani ya saa 4 hivi kwa tahadhari. Kwa chache, ikiwemo ile inayotumika kwa tezi ya shingo, hushauriwa kusimama kwa saa 12 hivi. Uliza jina la dawa na idadi ya saa, na uandikiwe.
- Iodini-131. Kunyonyesha mtoto huyu lazima kukome kabisa. Kwa matibabu, mama hushauriwa kuacha wiki 6 hivi kabla, ili matiti yatulie na yasinyonye dawa. Mtoto utakayemzaa baadaye unaweza kumnyonyesha kama kawaida.

Ukijua mapema kwamba utaruka saa kadhaa, kamua maziwa kabla ya siku hiyo na kuyahifadhi kwenye jokofu, yako au ya jirani, na mtoto anyweshwe kwa kikombe safi. Wakati wa kusubiri endelea kukamua ili matiti yasijae na maziwa yasikatike. Usimwachishe mtoto ziwa moja kwa moja kwa sababu ya kipimo cha teknesiamu. Hatari ya kumwachisha mtoto mchanga bila sababu ni kubwa kuliko ya kusubiri saa chache.

Kurudi nyumbani

Baada ya kipimo cha teknesiamu, unaweza kupanda daladala na kurudi Kibaha au Kisarawe. Mnywe maji ya kutosha, mkojoe mara kwa mara, na mnawe mikono kwa sabuni baada ya choo na baada ya kubadilisha nepi. Kama mama ndiye aliyepimwa, ni busara mtoto mchanga abebwe zaidi na mtu mwingine kwa saa zilizobaki za siku hiyo, kisha mambo yarudi kama kawaida. Kama mtoto ndiye aliyepimwa, mkumbatie na mlaze kama kawaida. Mama mjamzito ampe mwingine kazi ya nepi hadi kesho yake.

Baada ya matibabu ya iodini-131 mambo ni tofauti. Utapewa maelekezo ya kukaa mbali na watoto na wajawazito kwa siku kadhaa, kulala peke yako, na kutumia vyombo vyako. Waeleze hospitali ukweli kuhusu nyumba yako: vyumba vingapi, mnalala wangapi, choo ni cha pamoja au la, na safari ya kurudi ni ya saa ngapi kwenye gari lililojaa. Maelekezo mazuri yanategemea majibu hayo. Panga mapema ni nani atakayekaa na watoto.

Omba barua inayotaja dawa, kiasi na tarehe. Itawasaidia wataalamu wa kipimo kijacho. Pia, vifaa vya kugundua mionzi kwenye baadhi ya viwanja vya ndege na bandari vinaweza kulia siku kadhaa baadaye, na kwa iodini hata wiki kadhaa.

Maswali ya kuuliza kabla ya sindano

1. Dawa hii ina isotopu gani, na itaisha mwilini baada ya muda gani?
2. Nimewahi kupata dawa nyingine ya mionzi. Je, itaharibu picha hii?
3. Picha itapigwa saa ngapi baada ya sindano? Mtoto ale au asile?
4. Je, nisimamishe kunyonyesha? Kwa saa ngapi?
5. Picha ikirudiwa, itahitaji sindano nyingine?
6. Majibu yatatumwa Tumbi au Kisarawe, au nitayabeba mwenyewe?

Maswali haya si usumbufu. Mtaalamu anaiwekea kamera isotopu na dirisha kwa kufuata kilichoandikwa kwenye karatasi. Kama karatasi haikutaja iodini uliyomeza mwezi uliopita, wewe ndiwe pekee chumbani unayeijua. Iseme kabla sindano haijaingia.